Masikio ya Miraji

Miraji Kificho hakuwahi kupiga ala yoyote maishani mwake, lakini ukiitaja Klabu ya Marashi, klabu ya taarabu ya pale Jang'ombe, watu wa rika lake watakutajia jina lake kabla ya waimbaji. Yeye ndiye aliyekuwa akirikodi. Tangu mwaka themanini na tatu mpaka klabu ilipovunjika mwaka tisini na tisa, hapakuwa na harusi wala mazoezi aliyoyakosa. Alikwenda na redio kaseti yake, akaiweka juu ya kiti safu ya mbele kama mgeni rasmi, naye akakaa chini pembeni yake kuilinda isije ikapigwa teke. Mchana alikuwa seremala. Miaka ishirini na sita alisimama kando ya msumeno wa umeme kwenye karakana moja ya mbao huko Amani, masikio wazi, hata pamba hakutia. Jioni akioga, akivaa shati lililopigwa pasi, akienda zake kwenye muziki. Kanda alizozikusanya zilifika mia mbili na kumi na mbili.

Mwaka elfu mbili na tano alinunua kompyuta kuukuu, na fundi aliyemuuzia akamfundisha namna ya kuzihamisha kanda zile na kuzibana ziwe faili za MP3. Akamwonyesha na mahali pa kuchagua ubora: ukipanda juu, sauti inabaki safi na faili inakuwa kubwa, ukishuka chini, faili inakuwa ndogo lakini sauti inapungua. Miraji alijaribu kipimo cha juu, akasikiliza. Akajaribu cha kati. Akajaribu cha chini kabisa. Mara zote tatu fidla aliisikia ni ile ile na mwimbaji ni yule yule. Diski ilikuwa ndogo. Akachagua cha chini kabisa, akaanza kazi, na ilimchukua miezi minne.

Alipomaliza alimwita Abdulla, mpiga fidla wa Marashi, sahibu yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani ubao mmoja. Alitaka amfurahishe. Akamkalisha mbele ya spika, akamchagulia bashraf, muziki usio na uimbaji, aliyoipiga mwenyewe Abdulla kwenye harusi moja ya Mpendae. Abdulla aliinamisha kichwa, akasikiliza kama dakika mbili hivi, kisha akanyoosha mkono akaizima.

"Hii si fidla yangu, Miraji."

"Ya nani basi?"

"Sijui ya nani. Kama nzi yumo ndani ya chupa." Aliliona jicho la mwenzake limebadilika, akalainisha sauti. "Si vibaya ulivyofanya. Lakini kanda zenyewe zitunze. Usije ukazitupa."

Miraji aliudhika sana. Miezi minne ya kukaa mbele ya kile kioo, mgongo unamuuma, halafu mtu anakuja kumwambia habari ya nzi! Alimwambia mkewe, Kazija, kwamba Abdulla ana maringo, hakuna sauti itakayompendeza isipokuwa ya mikono yake. Kazija yeye lake lilikuwa jengine. Mtoto wao wa kiume alikuwa anaoa na bibi harusi angekaa pale pale nyumbani, na chumba kilichojaa kanda ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Asubuhi moja baada ya kuswali alfajiri, Miraji alizitia kanda zote kwenye magunia matatu, akazipakia kwenye gari ya ng'ombe, akazipeleka jaani.

Wiki mbili baadaye Abdulla alipiga hodi. Alikuwa amefikiri, alisema, na kama nyumba ni ndogo yeye anayo nafasi. Kanda azichukue akazihifadhi kwake. Miraji angeweza kusema kweli. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake alijisikia akisema, "Mvua, sahibu. Paa limevuja, zimeota ukungu zote. Nimezitupa."

Abdulla aliinua uso akaitazama dari. Dari ilikuwa nyeupe, haina doa. Aliitazama kwa muda, akasema, "Haya," akavaa viatu vyake. Baada ya siku ile hakuingia tena nyumbani kwa Miraji. Walikuwa wakipeana mikono msikitini na kwenye maziko, wakiulizana hali, basi. Miaka kumi na minane ikapita hivyo, mpaka Abdulla alipokufa mwezi wa Shaaban mwaka jana.

Kwa hiyo Ilham, binti wa Abdulla, alipompigia simu, Miraji hakujua afurahi au aogope. Ilham alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi moja ya Mji Mkongwe inayokusanya muziki wa zamani wa kisiwa. Alisema amesikia kwamba muziki wote wa Marashi anao Ami Miraji, na kwamba haupo kwa mtu mwengine. Je, angekuwa radhi kuwaletea wausikilize?

"Nipo radhi, mwanangu," alisema Miraji. "Tangu lini nilikuwa nikiingoja siku hii!"

Na kweli alikuwa akiingoja. Alikwenda na kanzu safi, kofia ya viua, diski yenye faili zake ameifunga ndani ya kitambaa. Ofisi ilikuwa juu, ghorofa ya pili, upande wa Vuga, kwenye chumba chenye kuta nene na dirisha lililozibwa kwa godoro ili kelele za njiani zisiingie. Ilham, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na paji la uso la baba yake. Akamwamkia, "Shikamoo, ami," akamkaribisha kiti, akamwekea chai.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako angefurahi."

 Ilham alimweleza kazi ilivyo. Kila faili wataisikiliza, yeye kwenye hedfoni zake na Miraji kwenye zake, kisha ataandika kwenye fomu: inafaa kuhifadhiwa, au haifai.

"Kwani kuna isiyofaa?" aliuliza Miraji akicheka. "Ikiwa nafasi hakuna, sema."

"Nafasi ipo, ami. Lakini tukipokea kila kitu, mtu wa miaka mia ijayo atadhani hivi ndivyo walivyokuwa wakipiga."

Wakaanza. Faili ya kwanza ilikuwa harusi ya mwaka themanini na nne. Miraji alifumba macho akatabasamu. Aliwaona wote, hata waliokwishakufa, aliwaona wakijipepea na vipepeo mikononi. Alipofumbua macho Ilham alikuwa ameshaandika. Haifai. Ya pili, haifai. Ya tatu ilikuwa hotuba ya mwenyekiti na ngoma kidogo: inafaa. Kufika laasiri walikuwa wamesikiliza vipande vya faili arubaini, na zilizofaa zilikuwa mbili.

"Hebu nambie, mwanangu," alisema Miraji, na chai ilikuwa imepoa mbele yake. "Unasikia nini usichokipenda?"

Ilham alitafuta maneno. "Fidla haina ncha. Nyuzi za kanuni zinabubujika, kama zimezamishwa kwenye maji. Na maneno... Huyu anaimba 'sina', ami, nami nasikia 'shina'. Sini na shini zimekuwa kitu kimoja."

"Anasema 'sina'. Nimemsikia vizuri."

"Weye unaujua wimbo."

Miraji alirudi kwake akiwa amekasirika. Alimwambia Kazija kwamba mtoto ana kinyongo, amerithishwa na baba yake, na kwamba ana nia ya kumdhalilisha. Kazija alimuuliza kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kumsemesha miaka hii, "Sasa kesho huendi?" Akasema anakwenda. Hawezi kumwachia atie "haifai" mpaka mwisho bila ya mtu wa kumpinga.

Siku ya pili, juu ya meza ya Ilham palikuwa na redio kaseti na kanda moja ya zamani. Ilham alisema ameipata Amani kwa mzee mmoja aitwaye Nahodha, ambaye Miraji mwenyewe alimpa nakala ya harusi yake mwaka themanini na nane. Harusi hiyo hiyo ilikuwemo kwenye diski, faili ya tisini na moja.

"Nitakupigia wimbo mmoja mara mbili," alisema Ilham. "Mara moja kutoka kwenye kanda, mara moja kutoka kwenye faili. Nambie ipi ni kanda."

Alisema kwa adabu, bila ya kebehi, na ndipo Miraji alipoanza kuogopa. Alisikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili.

"Rudia."

Akarudia.

"Ya kwanza," alisema Miraji. "Ya kwanza ndiyo kanda."

Ilham alitazama chini. Akarudia kwa wimbo mwengine, na mwengine tena. Mara mbili Miraji alikosea, mara moja akapata, na ile aliyopata alijua mwenyewe kwamba alibahatisha.

"Ami," alisema Ilham, "nikupime? Si kitu, ni mlio tu. Ukiusikia inua kidole. Ukiacha kuusikia teremsha."

Miraji akainua kidole. Mlio ulianza mzito kama honi ya meli, ukapanda, ukawa mwembamba, ukapanda tena, kisha ukakatika. Akateremsha kidole, akangoja mlio mwengine. Hapakuja kitu. Alimtazama Ilham akamwona amekunja uso, amelisogeza kidogo sikio la hedfoni kama mtu anayeumwa.

"Umeuzima?" aliuliza Miraji.

"Bado unalia, ami."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi unalia."

Ilham akauzima. Akasema sauti zilizompotea ndizo zile zile ambazo faili zimezikata, ncha ya fidla na ukali wa sini, na kwamba mara nyingi huwa hivyo kwa watu waliofanya kazi kwenye mashine. Akamuuliza mashine ameacha lini. Miraji alisema mwaka elfu mbili na tatu. Hesabu haikumshinda. Siku ile alipokaa mbele ya kompyuta akajaribu vipimo vitatu, akaona vyote sawa, masikio yalikuwa yameshakwenda. Aliyeyapima yale mambo yote, akayahukumu, alikuwa kiziwi nusu na hajijui.

"Lakini kanda zenyewe, ami," Ilham aliendelea, na safari hii mwenyewe alionekana ana matumaini, amemsogelea mezani. "Baba alisema ziliingia mvua. Hukubakisha hata chache? Maana siku hizi hata zilizoloa, hata zenye ukungu, zinasafishwa. Wapo mafundi. Maji hayaui kanda. Kama ziko mahali, hata ziwe chafu vipi, nionyeshe tu."

Miraji aliitazama ile kanda ya Nahodha juu ya meza. Ilikuwa safi, jina na tarehe vinasomeka.

"Hazikuingia mvua," alisema.

"Vipi?"

"Hapakuwa na mvua. Nilizitupa jaani kwa mkono wangu. Nilitaka chumba. Baba yako alinambia nisizitupe, nami nikamuona ana maringo. Alipokuja kuzitaka nikamwambia mvua."

 Ilham aliinuka, akaenda mpaka dirishani, ingawa palikuwa na godoro na hapakuwa na cha kutazama. Miraji alisikia moyo wake unavyopiga, huo aliusikia barabara. Kisha Ilham akarudi akakaa, akazivaa hedfoni zake, akasema, "Tuendelee na kazi."

Wakaendelea siku ile na siku ya tatu, na Miraji hakupinga tena kitu. Faili ya mia moja na arubaini na saba ilikuwa mazoezi ya mwaka tisini na mbili. Waimbaji walichelewa siku ile, na Abdulla akapiga fidla peke yake robo saa nzima kuwapumbaza waliokuja. Miraji aliikumbuka vizuri. Alijua pia, kwa kuwa Abdulla hakuwa mtu wa kujirikodi, kwamba pengine hapana sauti nyengine ya fidla ile peke yake duniani.

Zile nyengine Ilham alikuwa akizisikiliza dakika moja moja. Hii aliisikiliza mpaka mwisho, viganja vyake ameviweka juu ya meza. Ilipokwisha alivua hedfoni, akachukua kalamu, akaandika. Haifai.

"Basi ichukue weye mwenyewe," alisema Miraji. "Si ya ofisi. Nitakutilia kwenye flashi, uwe nayo nyumbani. Ni baba yako."

"Sitaki, ami."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu alivyokuwa akipiga bado ninavyo kichwani. Kidogo, lakini ninavyo. Nikiisikiliza hii mara kumi, itakayobaki ni hii." Akaifunga ile faili. "Tayari nusu imeshanipotea."

Katika mia mbili na kumi na mbili, zilizofaa zilikuwa tisa: hotuba, ngoma, na ugomvi mmoja wa wanachama uliorikodiwa kwa kuwa Miraji alisahau kuzima redio. Ilham alimrudishia diski yake na nakala ya orodha. Mlangoni Miraji alitaka kumwomba radhi, lakini Ilham alimkatiza.

"Mie si wa kuambiwa. Mama yupo Mpendae."

Ilimchukua Miraji siku nne kupata moyo wa kufika Mpendae. Alimkuta Bi Badria, mjane wa Abdulla, amekaa ukumbini juu ya mkeka anasuka ukili. Baada ya salamu na kuulizana hali alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema yote: kompyuta, chumba, magunia, mvua. Aliyasema akiwa ametazama sakafu, maana alijua akimtazama atashindwa kumaliza. Alipomaliza, Bi Badria alikuwa bado anasuka.

"Nnajua," alisema.

"Ilham kakwambia?"

"Ilham hajanambia kitu. Nnajua tangu siku hizo, na yeye hakuwepo nyumbani. Abdulla alikuwa akipita pale Jang'ombe, akawaona watoto wanakimbia na nyuzi za kanda, wamezifunga kwenye vijiti, wengine wamevaa shingoni. Akaokota ganda moja la kanda akasoma maandishi yako. Akawauliza wapi mmezipata, wakampeleka jaani. Alikuja hapa na mfuko mzima, ananuka kama kafufuka kaburini." Alivuta ukili akaukaza. "Siku tatu alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, na penseli, anazungusha. Anaosha, anaanika, anazungusha. Ukungu hazikuwa nao, lakini zote zimekatikakatika. Siku ya nne akazitia moto mwenyewe nyuma ya nyumba. Na fidla akaipandisha juu ya kabati, na hakuiteremsha tena."

"Mbona hakunambia? Miaka yote ile, mbona hata neno?"

"Nilimuuliza mimi hayo. Akasema, mwenye la kusema ni Miraji. Kila Idi alikuwa akivaa mapema, akakaa hapo nje barazani. Mimi nnajua alikuwa akimngoja nani." Sasa aliinua uso akamtazama. "Alipoumwa, miezi mitano, ulikuja mara moja. Ulikaa mlangoni kama hivi ulivyokaa. Ukamuuliza hali, kisha ukasema mwaka huu mvua ni nyingi. Ulipoondoka aligeuka ukutani, hakula siku ile."

Miraji aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa hajui la kuzungumza na mgonjwa, mvua ilikuwa ikinyesha, akalitaja alilokuwa akiliona. Alitaka kusema hivyo, kwamba hakukusudia. Akaona halina maana.

"Nisamehe, Bi Badria."

"Yaliyo yangu nimekusamehe, Miraji, tangu zamani. Yake siwezi. Si yangu, na mwenyewe hayupo." Adhana ya laasiri ilikuwa inaanza. "Nenda kaswali."

Mwezi wa Shaaban ulipoingia, kukawa na hitima ya mwaka ya Abdulla pale pale Mpendae, na wanaume wa Marashi waliobaki walikuja wote, wazee tisa. Hakuna aliyemwomba Miraji aseme. Baada ya dua, kabla sinia hazijaletwa, alisimama mwenyewe akaomba ruhusa, akawaambia habari ya kanda ilivyokuwa kweli. Alisema pia kwamba zile faili zake alizokuwa akiwatambia miaka yote hazifai kitu, na kwamba masikio yake ndiyo yaliyokuwa mabovu tangu mwanzo. Alipokaa, kila mtu alitazama mbele yake. Mmoja aliinuka akatoka bila ya kula.

Kisha Haitham, aliyekuwa akipiga udi, mzee mwenye macho yaliyokwishaingia ukungu, alimsogelea akapapasa mpaka akalipata goti lake. Mkewe Haitham, Sumaiya, aliimba Marashi miaka miwili tu, akafa kwa uzazi. Haitham hakuwa na kompyuta wala hakujua kuitumia. Kwa miaka yote alijua tu kwamba sauti ya Sumaiya ipo kwa Miraji, na hilo lilimtosha.

"Miraji," alisema, kwa sauti kubwa, karibu na sikio lake. "Na za Sumaiya zilikuwemo?"

"Zilikuwemo."

"Zote?"

"Zote, Haitham."

Haitham aliuondoa mkono wake gotini. Wakaleta pilau, watu wakanawa, wakaanza kula.